Programu za Kilimo Zikitengenezwa Ng'ambo, Ufunguo Ubaki kwa Nani?

Haipiti wiki siku hizi bila ya kusikia, katika semina, katika warsha na katika hotuba za viongozi, maneno "kilimo janja". Tungependa kuanza na jina hilo kwa sababu linatutia wasiwasi kidogo. Kwetu Visiwani mjanja si mtu anayekabidhiwa amana, na jambo lililofanywa kijanja ni jambo la kuchunguzwa mara mbili. Waliolifasiri jina hilo kutoka lugha za kigeni bila ya shaka walikuwa na nia njema, lakini mkulima wa Mtambile au wa Makunduchi akiambiwa kwamba ujanja sasa umeingia shambani mwake, ana haki ya kuuliza ni nani atakayefanyiwa ujanja huo. Katika makala haya tutasema kilimo cha kompyuta, ingawa nalo si jina lililokamilika.

Maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Kijiti chenye kihisi huchomekwa katika udongo, kikapima unyevu na joto, na habari zake zikapelekwa kwa mawimbi ya simu hadi kwenye kompyuta. Kompyuta ikakokotoa kiasi cha maji kinachohitajika, kisha lango la mfereji likafunguka lenyewe, au mkulima akapata ujumbe katika simu yake. Ndege ndogo isiyo na rubani hupita juu ya bonde la mpunga ikapiga picha, na picha hizo zikaonesha ni wapi majani yamegeuka manjano kabla bwana shamba hajafika kwa miguu. Karani wa kituo cha kununulia karafuu hupima gunia, akaandika uzito na daraja, na malipo yakamfikia mkulima kabla hajavuka barabara. Hakuna katika haya lililo ndoto, kwani yote yanafanyika katika nchi mbalimbali.

Lakini kijiti, ndege na mizani vyenyewe havijui chochote. Kinachovipa akili ni programu, yaani yale maagizo marefu yanayoandikwa mstari baada ya mstari ili mtambo ujue afanyalo mkulima likiwa hivi, litendwe vile. Na hapa ndipo penye suala letu la leo. Nani anaziandika programu hizo? Yuko wapi? Na akisha kuziandika na kulipwa, anaondoka na nini mkononi?

Kumpa mtu wa mbali kazi ya kuandika programu si aibu wala si jambo jipya. Makampuni ya Marekani na ya Ulaya yamekuwa yakifanya hivyo kwa miaka mingi, yakizipeleka kazi zao Bengaluru katika Bara Hindi, Warsaw, Kyiv na kwengineko, kwa sababu mbili zilizo wazi: mishahara ya huko ni midogo kuliko ya kwao, na mafundi wenye ujuzi unaotakiwa wanapatikana kwa wingi. Katika mji huo wa Bengaluru iliundwa mwaka 2010 kampuni iitwayo Cropin, ambayo kazi yake khasa ni programu za kilimo, nayo huuza huduma zake nje ya mipaka ya India. Ikiwa matajiri wanafanya hivyo, hatuoni sababu ya Visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 kujidai kwamba vitaandika kila kitu vyenyewe. Wizara haiwezi kuajiri bingwa wa picha za angani, bingwa wa vihisi, bingwa wa hifadhi ya habari na bingwa wa usalama wa mitandao kwa ajili ya kazi ya miezi minane. Anayesema tusiagize kabisa anatutaka tukae bila.

Hoja yetu ni namna ya kuagiza.

Mtu anapoagiza jahazi kwa fundi wa Nungwi, siku ya kulishusha majini anapokea kitu kinachoonekana. Mbao zake zinahesabika, misumari inaguswa, na likivuja baada ya miaka mitatu, hata kama fundi aliyeliunda amehamia Mombasa, fundi mwengine atalala chini yake aone pa kutia kalafati. Programu haiko hivyo. Ina sura mbili. Sura ya kwanza ni maandiko ya asili, ambayo mtu ameyaandika na mtu mwengine mwenye elimu hiyo anaweza kuyasoma, kuyaelewa na kuyarekebisha. Sura ya pili ni ile iliyokwisha kugeuzwa ikawa lugha ya mashine, ambayo hufanya kazi lakini haisomeki. Anayepewa sura ya pili peke yake amepewa sinia ya halua, hakupewa mapishi. Atakula na wageni wake watasifu, lakini siku inapokwisha hana la kufanya ila kurudi kwa mpishi, na mpishi ndiye atakayetaja bei.

Wakulima wa Marekani, ambao hakuna atakayewaita wageni wa mitambo, wameionja adha hii. Trekta za kampuni ya Deere za siku hizi zimejaa kompyuta. Hitilafu inapotokea, mara nyingi haitoshi kubadilisha kipuli. Hutakiwa kompyuta yenye programu ya kampuni yenyewe ili kuitambua hitilafu na kukikubalisha kipuli kipya, na kwa muda mrefu programu kamili ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mawakala walioidhinishwa tu. Mkulima mwenye ngano iliyoiva na mvua inayokaribia alikaa akimsubiri fundi wa wakala, ilhali yeye mwenyewe ni fundi na baba yake alikuwa fundi. Malalamiko yakawa makubwa, hata Januari 2023 kampuni hiyo na shirikisho la wakulima wa Marekani wakatia saini maafikiano juu ya haki ya kutengeneza. Maafikiano hayakumaliza ugomvi. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ilifungua kesi dhidi ya kampuni hiyo juu ya jambo hilo hilo, na kampuni ikayakanusha madai hayo.

Kuna kisa kingine cha mwaka 2022 ambacho wengi walikicheka. Majeshi ya Urusi yalipoingia katika mji wa Melitopol, Ukraine, mashine za kilimo za kampuni hiyo zenye thamani ya takriban dola milioni 5 zilichukuliwa kutoka kwa wakala na kupelekwa hadi Chechnya. Walipotaka kuzitumia walikuta zimefungwa kutoka mbali, haziwaki. Mwizi hatumwonei huruma, na sisi pia tulicheka. Lakini mtu akisha kucheka inafaa ajiulize swali moja: mkono ulioweza kuzifunga mashine hizo kutoka mbali ungeweza kuzifunga na za nani mwengine, na kwa sababu gani?

Visiwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo la kutegemea uzi mmoja ulioshikwa upande wa pili. Mwaka 2008 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliharibika, na Unguja ikakaa kiza kwa takriban mwezi mzima. Hatujamaliza kusimuliana hayo, Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Kila aliyekuwapo anakumbuka ndoo za maji, mashine za kuazima na samaki waliooza. Na hapa karibuni, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari ziitwazo EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na Tanzania nzima pamoja na jirani zake ikapungukiwa na intaneti. Basi tufikirie bonde la mpunga, kama Cheju au Kibokwa, ambako serikali imekopa kutoka Korea ili kujenga miundombinu ya umwagiliaji. Lau malango ya bonde kama hilo yangekuwa yanafunguliwa na programu inayokaa katika seva ya nchi ya mbali, siku nyaya zinapokatika maji yangepita wapi? Miche ya mpunga haiwezi kuambiwa isubiri meli ya mafundi.

Kwa hiyo sharti moja la mwanzo kabisa ni kwamba programu ya shamba iweze kufanya kazi hata intaneti inapokosekana, ikahifadhi habari zake papo hapo na kuzipeleka baadaye, na kwamba penye mtambo wowote wa kufungua maji pawepo pia gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Gurudumu hilo lisionekane kuwa ni ushamba.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, wataalamu wa zabuni hulipita haraka mno. Nalo ni lugha na mila za kazi.

Programu huandikwa kwa kufuata maelezo anayopewa mwandishi wake. Mwandishi aliyeko Bengaluru au Warsaw anaweza kuwa na akili nyingi mno na asijue kwamba katika Visiwa hivi neno "mwaka" lina maana ya miezi kumi na miwili na pia lina maana ya mvua kubwa za masika. Mzee wa Micheweni akisema kwamba mpunga wake aliupanda mwaka, na programu ikaandika kuwa ulipandwa wakati wowote ndani ya siku mia tatu na sitini na tano, tangu hapo hesabu yote ya mavuno ni upotofu. Wazee wetu walikuwa na kalenda yao ya kilimo inayoanzia Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi, yenye miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi na siku tano za gatha. Walijua ni mwongo gani wa kuchoma, upi wa kupanda mtama na upi wa kutoingia baharini. Hatusemi kompyuta ifuate kalenda hiyo. Tunasema kwamba mkulima anayeifahamu atauliza maswali kwa njia hiyo, na programu isiyomwelewa ataiacha.

Vipimo navyo vina mambo yake. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi, mwenye shamba huuza kwa kilo za karafuu kavu, na makonyo yana hesabu yake mbali. Fomu ya kigeni yenye sanduku moja lililoandikwa "mavuno" haina pa kuweka haya. Tena iko habari ya umiliki, ambayo ndiyo nzito zaidi. Fomu za namna hiyo hutaka shamba moja, mwenyewe mmoja. Ilhali kwetu zipo eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo leo zinakaliwa na watoto na wajukuu wa mtu mmoja bila ya kugawana. Yapo mashamba ambayo ardhi ni ya huyu na miti ni ya yule. Ipo mikarafuu inayokodishwa kwa msimu, mwenye kukodi akawa ndiye mwenye mavuno, ilhali mti si wake. Programu ikimlazimisha karani kuandika jina moja, karani ataandika la aliyesimama mbele yake, na fedha zitakwenda huko. Kosa la aina hiyo halibaki kwenye kompyuta. Hufika kwa sheha, kisha mahakamani, na aghalabu huvunja undugu.

Na wanawake wa mwani je? Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na walio wengi kabisa katika wakulima wake ni akina mama. Ni wao wanaosimama kwenye maji yaliyokupwa wakifunga tungule za mwani kwenye kamba, na ni wao waliokwisha kuona jinsi aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, inavyokufa maji ya ufukweni yanapopata joto. Kihisi cha joto la maji, chenye kumpa mkulima onyo mapema, kingewasaidia kwelikweli, na kwa hakika hilo ni moja katika mambo ambayo tungependa kuyaona yakitangulizwa. Lakini fundi wa programu aliye mbali, kwa urahisi wa kazi yake, humtambua mtu kwa nambari ya simu. Ikiwa simu anayotumia mama yule imesajiliwa kwa jina la mumewe au la mwanawe, programu itajua kwamba mkulima wa mwani ni mume, naye huenda hata kamba za mwani hajapata kuzishika. Malipo, mafunzo na mikopo vitamfuata mume. Fundi hakukusudia ubaya wowote, ila hakuna aliyemwambia. Na mingi ya mikono hiyo inashika vitochi, si simu kubwa za kioo, jambo ambalo nalo lazima liandikwe katika maelezo ya kazi kabla hazijachorwa picha nzuri za rangi.

Upo mfano mmoja ambao unatuonesha kwamba kazi iliyofanywa mbali inaweza kuwa nzuri ikiwa miguu yake iko hapa. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania huko Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, IITA, humwezesha mkulima kuelekeza simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa kama lina batobato, michirizi ya kahawia au wadudu. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia picha za majani zilizopigwa mashambani humu Tanzania, na wataalamu wa magonjwa ya muhogo ndio walioifunza kompyuta kuyatambua. Ilitengenezwa ili ifanye kazi ndani ya simu yenyewe bila ya intaneti, na mkulima haitozwi kitu. Hata jina lake ni la Kiswahili. Kwa Visiwa ambavyo watafiti wa Kizimbani walitoka jasho mpaka wakapata mbegu za muhogo zinazostahamili maradhi hayo, mbegu za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, chombo kama hicho si cha kudharauliwa. Tunachoongeza sisi ni kwamba picha zile za majani ndizo zilizokuwa mtaji. Bila ya jani la muhogo la Pwani, kompyuta ya Pennsylvania isingejua kitu. Safari hii matunda yake yametolewa bure na elimu yake ikachapishwa hadharani. Safari nyengine huenda isiwe hivyo, ikiwa hatukuandika mapema kwamba picha ni za nani.

Maana habari za mashamba ni mali, na wenye fedha walilijua hilo zamani. Mwaka 2013 kampuni ya Monsanto, ambayo baadaye mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani, iliinunua kampuni iitwayo Climate Corporation kwa karibu dola milioni 930. Kampuni hiyo haikuwa na ghala la mbegu wala kiwanda cha mbolea. Ilikuwa na programu, na habari za hali ya hewa, za udongo na za mashamba.

Tuitazame karafuu kwa jicho hilo. Mkarafuu hauzai sawa kila msimu. Upo msimu wa neema na upo wa ukame wa mavuno, na bei ya dunia hupanda na kushuka kwa kutazama Indonesia imepata nini na wengine wamepata nini. Shirika letu la biashara, ZSTC, ndilo linalonunua karafuu kwa mkulima na kuiuza nje. Anayeuza hufaidika ikiwa mnunuzi hajui ghalani mna nini. Sasa ikiwa idadi ya mikarafuu, picha zake kutoka angani, makisio ya mavuno ya Pemba wilaya kwa wilaya na mizani ya kila kituo vimo katika seva ya kampuni ya kigeni, na mkataba haukusema neno juu ya nani anaruhusiwa kuvitazama, basi huenda mnunuzi akaingia katika mazungumzo akiwa anaijua ghala yetu kuliko meneja wetu. Hatumtuhumu yeyote kuwa amefanya hivyo. Tunasema mlango wa namna hiyo haufai kuachwa wazi kwa sababu tu hapajawahi kuingia mwizi.

Sheria zimeanza kulishughulikia jambo hili. Jamhuri ya Muungano ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Umoja wa Ulaya umeweka sheria ya data ambayo ilianza kutekelezwa Septemba 2025, yenye kumpa anayetumia mtambo, trekta zikiwamo, haki ya kupata habari zinazozalishwa na mtambo huo. Ni hatua njema. Lakini taarifa binafsi ni jina na nambari ya simu ya mtu, ama makisio ya mavuno ya wilaya nzima si taarifa za mtu mmoja. Hayo hulindwa na mkataba, na mkataba huandikwa na maofisa.

Kwa hiyo tunawageukia maofisa. Baadhi yao watatwambia kwamba tunadai makubwa, na kwamba kampuni itakataa kutoa maandiko ya asili. Zipo zitakazokataa, khasa zile zinazouza programu iliyokwisha kutengenezwa kwa wateja wengi. Hapo tunanunua ruhusa ya kutumia tu, na ni lazima tujue kuwa ndicho tunachonunua. Lakini programu tuliyoigharamia sisi tangu mstari wa kwanza, kwa fedha za wananchi au kwa mkopo ambao wananchi wataulipa, kwa nini maandiko yake yasiwe yetu? Na ikiwa kampuni ina siri zake za kweli, ipo njia inayotumika duniani ya kuyaweka maandiko hayo kwa mtu wa tatu mwaminifu, ambaye atayatoa ikiwa kampuni imefilisika, imeuzwa au imeacha kuitunza kazi. Vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, makampuni ya programu ya huko yalilazimika kuwahamisha mafundi wao kuelekea magharibi ya nchi na nje yake, na wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 60 wakazuiliwa kutoka. Waliokuwa wamewapa kazi wakajifunza ghafla thamani ya kuwa na nakala.

Tunaongeza kwamba malipo yasitolewe yote siku ya kukabidhi. Siku ya kukabidhi kila kitu hufanya kazi, kwani kuna wageni, kuna picha na kuna biskuti. Sehemu ya fedha ibaki mpaka msimu mmoja mzima upite, wa kupanda hata kuvuna, programu ikiwa mikononi mwa wakulima na bibi shamba wa kawaida, si mikononi mwa walioitengeneza. Betri za vihisi zitakuwa zimeonja jua, na chumvi ya bahari itakuwa imekwisha kujaribu kuzila nyaya. Na bei iulizwe ya miaka kumi, si ya mwaka wa kwanza tu. Mradi wa mfadhili una mwisho wake, na mradi unapokwisha ada ya seva, ada ya leseni na ujira wa fundi havifi nao. Huhamia katika bajeti ya Wizara, na ikiwa hakuna fungu lake, vijiti vitabaki mashambani vikining'inizwa nguo.

Tena vijana wetu wakae ndani ya kazi. Hapa hatuna haja ya kuota, kwani yapo yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 2016 ulianza mpango wa kuipiga picha Unguja na Pemba yote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ndege zilitoka ng'ambo, na wageni walikuja kufundisha, lakini waliozirusha na kuzikusanya picha walikuwamo wanafunzi wa hapa hapa, na picha zikawekwa wazi kwa kutumiwa na watu. Njia nyengine ingekuwa kuikodi kampuni ya ndege kubwa, ikaja, ikaruka, ikaondoka, na sisi tukabaki na ramani bila ya mchora ramani. Katika sekta ya afya, mfumo wa takwimu uitwao DHIS2, ambao kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, maandiko yake yako wazi kwa kila mtu, na wataalamu wa Tanzania, Zanzibar ikiwamo, wameutumia na kuufinyanga kwa mahitaji yao kwa miaka mingi. Na Tanzania Bara, mfumo wa malipo ya serikali kwa nambari ya udhibiti, ulioanza mwaka 2017, umejengwa na wataalamu wa Serikali wenyewe. Kila aliyelipa ankara kwa njia hiyo ameshuhudia kwamba kazi ya mikono yetu nayo hufanya kazi.

Basi katika kila mkataba wa programu ya kilimo, wawekwe vijana wawili au watatu kutoka SUZA au Taasisi ya Karume, na mmoja kutoka taasisi ya utafiti ya Kizimbani, ambao kazi yao itakuwa kuandika pamoja na wageni. Tunasema kuandika, si kuwachukulia mikoba wala kuhudhuria ufungaji wa mafunzo wakapewa vyeti. Baadhi yao, tunajua, wakisha kufunzwa watavutwa na mishahara ya Dar es Salaam, Nairobi au Dubai. Hilo halitibiki kwa kutowafunza. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo ipewe nafasi ya kuikagua rasimu ya mkataba kabla ya kusainiwa, maana baada ya hapo hubaki kutoa ushauri nasaha.

Limebaki moja dogo, ambalo halina gharama. Rasimu ya maelezo ya kazi, ile inayopelekwa kwa kampuni za nje kueleza tunataka nini, iandikwe kwa Kiswahili pia, na kabla haijatumwa isomwe kwa sauti mbele ya wakulima wa bonde moja la mpunga, wakulima wa mwani wa ufukwe mmoja, na makarani wa kituo kimoja cha karafuu Pemba. Waulizwe: haya ndiyo mnayotaka kujua? Mtu gani hakutajwa humu? Mikutano mitatu yatosha. Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba, na anayetaka kihisi chake cha kwanza kiwe udongoni wakati huo anapaswa kuiita mikutano hiyo kabla ya Julai.